Juu ya Nyumba Kunjufu

Kila kiumbe chenye uhai hutafuta mahali pa kujikinga. Ndege hutafuta kiota, nyuki hutafuta mzinga, na konokono huchukua nyumba yake mgongoni. Lakini mwanadamu hatosheki na kinga tu. Akiisha kuezeka paa na kuzuia mvua hutazama kuta zake, akaona kuwa zimepungukiwa na kitu. Hutafuta chokaa, pazia, mkeka wa rangi, picha na taa, akapamba mahali ambapo mwili wake ungaliweza kulala bila ya pambo lolote. Nini maana ya haja hii? Je, ni wema, ni udhaifu au ni ubatili? Na kama ni wema, ni wema kwa nani: kwa yule alalaye ndani ya chumba, au hata kwa yule apitaye nje ya mlango?

Swali hili huulizwa sana katika nchi za theluji. Mwezi wa Desemba jua la Copenhagen huonekana kwa muda wa saa 7 hivi, kisha usiku hushuka juu ya mji. Si ajabu kuwa watu wa Denmark wana neno hygge, ambalo kwalo hutaja utulivu wa watu wachache waliokaa karibu karibu, mishumaa ikiwaka, mlango umefungwa, na baridi imeachwa nje. Warumi wa kale waliita meko focus, na neno hilo limekuja kuwa jina la mahali ambapo miali ya nuru hukutana. Katika nchi hizo moto ulikuwa moyo wa nyumba. Kupamba nyumba wakati wa baridi ni kuuzunguka moyo huo kwa vitu laini: zulia nene, blanketi la sufu, mito na mapazia mazito.

Dar es Salaam haina theluji, lakini ina kipupwe. Tangu Juni mpaka Agosti kusi huvuma, jasho hukauka, na alfajiri joto hushuka hata nyuzi 18 au 19 za Selsiasi. Mgeni kutoka Ulaya hucheka akituona tumevaa sweta. Mwenyeji wa Makete, ambako sakitu hulala juu ya majani, hucheka zaidi. Hata hivyo haya ni majira ambayo watu huingia ndani mapema, shuka nyepesi hupisha blanketi, na mdila wa muuza kahawa huwa rafiki wa kila baraza. Mtu aliyekuwa akikimbia chumba chake kwa sababu ya fukuto sasa hukaa ndani yake. Akikaa hukiona, na akikiona hujiuliza kama kinamfaa. Kwa hiyo kipupwe ndicho kipindi chetu cha kufikiri habari za nyumba.

Kariakoo ni mahali panapofaa kwa swali hili. Jina la mtaa limetoka katika Carrier Corps, jeshi la wapagazi wa Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Waingereza waliuteka mji huu mwaka 1916, na kambi ya wapagazi ikawekwa katika uwanja ambao baadaye ulikuwa soko na mitaa. Wapagazi wa vita vile waliokufa kwa maradhi na uchovu walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Basi mtaa huu wa nyumba ulirithi jina la watu waliokuwa hawana nyumba, watu waliobeba mizigo ya wengine na kulala popote usiku ulipowakuta. Hata leo wachukuzi hupita hapa na mikokoteni yao, na usiku wako walalao juu ya maboksi mbele ya maduka yaliyofungwa. Mtu akizungumza habari za pazia na zulia katika mtaa huu, hana budi kuzungumza akiwa na watu hao mbele ya macho yake.

Nyumba iliyoujenga mtaa ilikuwa nyumba ya Kiswahili. Ukumbi mrefu ulipita katikati, na vyumba vilitazamana kulia na kushoto, mara nyingi vitatu kwa vitatu. Nyuma palikuwa na ua wenye jiko, choo na mahali pa kufulia. Mbele palikuwa na baraza. Kwanza kuta zilikuwa za miti na udongo na paa zilikuwa za makuti; baadaye yalikuja mabati na matofali ya saruji. Mwenye nyumba aliweza kukaa katika chumba kimoja na kupangisha vilivyosalia, hata Mzaramo, Mndengereko, Mnyamwezi na Mmanyema wakawa chini ya paa moja. Kila mpangaji alikuwa na mlango wake, lakini ukumbi, ua na baraza vilikuwa vya wote.

Mapambo ya vyumba hivyo hayakuwa mengi, lakini yalikuwa na maana. Kulikuwa na mkeka uliosukwa kwa ukindu wa rangi, kawa zilizotundikwa ukutani, vitambaa vilivyofumwa kwa mkono na kutandikwa juu ya viti, kanga iliyofanywa pazia, na chetezo cha kufukizia udi. Katika nyumba za mawe za Unguja na Lamu matajiri walikuwa na vidaka ukutani, na ndani ya vidaka waliweka sahani na vyombo vya kauri kutoka ng'ambo. Mpangaji wa Kariakoo hakuwa na kidaka, alipigilia msumari. Haja iliyomfanya tajiri achonge ukuta na iliyomfanya maskini apigilie msumari ilikuwa haja moja.

Nilipotafuta katika lugha yetu neno la kutaja joto hili la nyumba, niligundua jambo ambalo sikulitazamia. Kiswahili cha pwani hakilisifu sana joto. Joto ni la homa, ni la hasira, ni la mwezi wa Februari. Mtu aliyefarijika husema kuwa moyo wake umepoa. Neno letu la sifa ni ukunjufu. Twasema moyo mkunjufu na uso mkunjufu, na aliyechukia twasema amekunja uso. Tendo lililo ndani ya maneno haya ni lile lile la mkeka. Mkeka uliokunjwa na kusimamishwa pembeni haumfai mtu. Mgeni akifika hukunjuliwa, na pale palipokuwa sakafu tupu huwa mahali pa kukaa. Mtu wa kaskazini alilijenga wazo la nyumba njema juu ya moto uliozungukwa na kuta. Mswahili alilijenga wazo hilo juu ya kitu kilichofunguliwa. Sidai kuwa mmoja wao alikosea, kwa kuwa kila mmoja alijibu hali ya hewa aliyopewa na Mungu. Lakini tukiazima mapambo ya wenzetu bila ya kukumbuka maana ya neno letu, yamkini tutapata vyumba vizuri na nyumba zilizokunjwa.

Hapa yanipasa kutoa ushahidi juu ya nafsi yangu. Nilipokuwa kijana nilipanga chumba katika nyumba moja ya namna hiyo, na kama ilivyo desturi ya mji nililipa pango la miezi sita mbele. Kipupwe kilipoingia nilikwenda Mtaa wa Kongo, nikanunua pazia zito la rangi ya zabibu, zulia, na taa ya mezani yenye nuru ya manjano. Kwa jioni nzima nilihisi kuwa nimekuwa mtu mwingine. Katika chumba cha pili alikaa bibi mmoja muuza vitumbua pamoja na mjukuu wake wa miaka saba au minane. Mtoto yule aliiona nuru kutoka ukumbini, akaja akasimama mlangoni, akatia mguu mmoja ndani. Mguu ulikuwa na tope la uani. Nilimwambia, "Usinikanyagie zulia. Kaa huko huko." Akaurudisha mguu wake, akasema, "Haya, mjomba," akaenda zake. Sikuliona kosa lolote katika maneno yale. Zulia lilikuwa langu, na tope lilikuwa tope.

Haukupita mwezi nikashikwa na malaria. Siku ya pili ya homa nilikuwa nimelala, pazia limefunguliwa nusu, sina nguvu ya kuinuka. Nikasikia sauti mlangoni: "Mjomba, bibi amekuletea uji." Nikamwambia alete. Hakuingia. Alisimama kizingitini na bakuli mikononi mwake, uji ukitoa mvuke, akanitazama akisubiri nifike pale. Nikamwambia tena, "Ingia, mwanangu." Akatazama miguu yake, akasema, "Miguu yangu haijanawa." Nilitambaa mpaka mlangoni nikapokea bakuli. Tangu siku hiyo nimeonja uji mwingi, lakini haupo ulionifikirisha zaidi kuliko ule. Yule niliyemzuia alikuwa ametii. Amri yangu ilikuwa ingali inafanya kazi, na kazi yake ilikuwa kunitenga mimi na msaada kwa hatua tatu za zulia.

Kutokana na siku ile nimefikiri kuwa mapambo ya nyumba yana nia tatu. Nia ya kwanza ni kuonyesha. Mtu hupamba ili asifiwe, na wakati mwingine hukopa ili apambe. Pambo la namna hii halimpumzishi mwenyewe, kwa maana humfanya mlinzi wa vitu vyake. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nia ya pili ni kufariji. Mtu hupamba ili mwili uliochoka upate pumziko na jicho lililoona vumbi la mji siku nzima lipate kitu cha kulipoza. Nia hii ni halali kabisa. Nia ya tatu ni kukaribisha. Mtu hupamba ili mwingine akiingia ajue, kabla hajaambiwa neno, kuwa alitazamiwa. Zulia langu lilinunuliwa kwa nia ya pili, nami nililinda kwa nia ya kwanza. Nia ya tatu haikupata nafasi.

Najua kuwa hoja hii ina wapinzani, na hoja zao si za kupuuzwa. Wa kwanza atasema kuwa maskini hana ruhusa ya kupamba. Shilingi ya kitambaa ni shilingi iliyotolewa katika unga. Maneno haya yana sura ya busara, lakini yamemdhulumu maskini kwa kumfanya tumbo peke yake. Yule bibi wa vitumbua alikuwa na mkeka mmoja, na ukingo wake aliutia rangi ya zambarau na kijani kwa mikono yake. Rangi ile haikuongeza nguvu ya mkeka, wala haikumpunguzia mjukuu wake chakula. Ilisema kuwa yeye ni mtu, na kuwa ajaye kukaa hapo ni mtu pia. Mwenye kumnyima maskini pambo humnyima lugha moja ya heshima.

Wa pili atasema kuwa ni upumbavu kupamba chumba cha kupanga. Leo u hapa, kesho mwenye nyumba anakitaka chumba chake. Lakini kama hoja hii ni kweli, basi hakuna apasaye kupamba chochote, kwa kuwa dunia yenyewe ni pango na hakuna anayejua amelipa miezi mingapi. Upangaji hautuzuii kupamba. Hutufundisha namna ya kupamba. Pambo linaloweza kukunjwa na kuchukuliwa, kama mkeka, kanga na chetezo, ni pambo la mtu ajuaye kuwa yu safarini.

Wa tatu ana hoja nzito kuliko wote. Atasema kuwa nyumba haina budi kuwa na stara. Mwanadamu ana haki ya kufunga mlango wake, kulala, kulia, kugombana na kupatana bila ya kutazamwa. Pazia halikutungwa kwa ubahili. Lilitungwa kwa haya. Nakubali, na zaidi ya kukubali nasema kuwa katika nyumba yenye vyumba sita na ukumbi mmoja stara ni riziki. Lakini pazia lina fadhila moja ambayo ukuta hauna. Lafunika, tena lafunguliwa kwa mkono mmoja, na aliye nje aweza kubisha hodi akasikiwa. Stara ni mlango ujuao kufunguka. Mlango usiofunguka hauwi stara tena.

Dunia ya vitu nayo hutoa mfano wa jambo hili, tena mfano mkali. Katika wilaya zetu za baridi, na mara nyingine hata mijini, watu huingiza jiko la mkaa chumbani usiku, wakafunga dirisha na mlango ili joto lisitoke. Mkaa unaowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Gesi hiyo hushika damu kwa nguvu kuliko oksijeni, na mtu hupoteza fahamu kabla hajajua kuwa yu hatarini. Familia huingia kulala katika joto, isiamke. Moto ule ule ungaliwafaa kama ungaliwekwa uani, au kama dirisha lingaliachwa wazi. Wazee wetu walikuwa wakipalia moto: aliyezimikiwa alikwenda kwa jirani na kigae, akarudi na makaa mawili matatu, na moto wa jirani haukupungua. Joto lililogawanywa liliwasha meko mawili. Joto lililofungiwa limewaua wengi.

Tena pambo lisiseme uwongo juu ya ukuta. Asubuhi ya tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka katika Kariakoo, watu wakafukiwa chini yake, na miongoni mwa waliokuja kuwaokoa walikuwamo waliofukua kwa mikono mitupu. Siku hiyo hakuna aliyeuliza rangi ya kuta. Rangi inayofunika ufa ni hatari kuliko ufa, kwa sababu ufa unaoonekana humwonya mtu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na aliyeupaka ufa chokaa hawezi kusema kuwa ameuziba. Apambaye na aanze na yasiyoonekana: nguzo, paa, nyaya za umeme na njia ya kutokea. Ni katika kipupwe, usiku wa Julai 10, 2021, Soko Kuu la Kariakoo liliposhikwa na moto. Soko hilo, lililojengwa katika miaka ya 1970 kwa mchoro wa Beda Amuli, lina nguzo za zege zinazokunjuka juu kama miavuli, zikifunika wauzaji na wanunuzi bila ya kuwauliza kabila wala mfuko. Sijui pambo la jengo lililo karibu zaidi na maana ya ukunjufu kuliko hilo.

Sasa nyumba za Kiswahili zimebaki chache katika Kariakoo. Mahali pake yamesimama maghorofa: chini maduka, juu stoo na vyumba vya kukaa. Nyumba niliyougulia ilibomolewa zamani, na penye chumba cha bibi pana fremu ya kuuzia viatu. Siwezi kusema kuwa mabadiliko haya ni maovu yote. Maji hupanda mpaka juu, na choo ki ndani. Lakini baraza limeondoka, na ukumbi wa wote umekuwa ngazi ambayo taa yake ikiungua hakuna anayejiona kuwa ndiye apasaye kuibadilisha. Kila mtu amepamba upande wa ndani wa mlango wake wa chuma. Ndani mna viti vya sofa, mapazia marefu na taa za rangi. Nje ya mlango, hatua moja tu, ni giza. Ukitaka kujua nyumba ya mtu ina ukunjufu kiasi gani, usiingie ndani. Simama katika ngazi, uone nuru yake inafika wapi. Wahenga walituambia nyumba njema si mlango, wakituasa tusihukumu kwa sura ya nje. Katika maghorofa yetu yafaa tuongeze kuwa si sebule peke yake pia.

Basi jibu langu ni hili. Haja ya kupamba nyumba si ubatili. Ni mwanzo wa ukarimu, lakini ni mwanzo tu, na waweza kukomea kizingitini. Faraja ya mwenye chumba ni haki yake. Huwa wema inapomfikia mwingine. Mizani yake si bei ya zulia wala ulaini wa mto. Mizani yake ni swali jepesi ambalo kila mtu aweza kujiuliza kabla hajatoa fedha mfukoni: nani atakaa juu ya kitu hiki, na akija na tope miguuni nitamwambia nini?

Mtoto yule sasa ni mtu mzima, na sijui makao yake. Zulia lilichakaa nikalitupa. Ninakaa ghorofani kama wengine, na mlango wangu ni wa chuma kama ya wengine. Kipupwe kikiingia hubadilisha balbu ya ngazi kwa fedha yangu ikiwa imeungua, na nyuma ya mlango nimeweka mkeka. Mara nyingi umesimama pale umekunjwa, kwa kuwa watu wa ghorofani hawatembeleani sana. Lakini karibu nao nimeweka ndoo ya maji na kata, ili ajaye asione haya ya miguu yake.